Ukurasa Uliokosa Rangi

"Jumanne, tarehe kumi na nane Juni. Mawingu mazito. Manyunyu yameanza alfajiri na hayajakatika. Upepo ni mdogo."

Maneno hayo yaliandikwa ubaoni na mwanafunzi wa zamu wa darasa la tano. Kabla ya kuyaandika alitoka nje, akasimama ukingoni mwa baraza na kunyoosha mkono mpaka ukalowa, kisha akarudi ndani akijifuta kwenye kaptura. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kila asubuhi. Mwalimu wa lugha hakuruhusu mtu aandike hali ya hewa akiwa amekaa kwenye dawati.

"Mvua umeiona, au umesikia bati tu?" Mwalimu alimwuliza.

"Nimeiona, Mwalimu. Imenilowesha."

"Haya, kaa."

Darasa lilikuwa na giza. Dirisha moja lilikuwa limevunjika kioo na kuzibwa kwa kipande cha boksi, na maji yalikuwa yakipenya kidogo kidogo hadi sakafuni. Juu ya meza ya Mwalimu palikuwa na sanduku la mbao lililojaa vitabu vya picha. Havikuwa vitabu vya hadithi. Hamkuwa na mfalme ndani yake wala mnyama anayesema. Kimoja kilieleza jinsi daraja linavyojengwa, kingine jinsi meno yanavyoota, kingine siafu wanavyohama. Kila ukurasa ulikuwa na picha kubwa na sentensi chache chini yake, na yote yaliyosemwa humo yalikuwa ya kweli.

Mwalimu alivitumia vitabu hivyo kufundisha kuandika. Aliyafunika maneno kwa karatasi, akawataka wanafunzi waitazame picha na kusema inawaeleza nini. Kisha aliifunika picha, akawasomea maneno na kuuliza kama yanakubaliana na waliyoyaona.

"Picha na maneno ni mashahidi wa jambo moja," alisema. "Sasa ni zamu yenu. Kila mmoja atatengeneza kitabu chake. Chagueni kitu mnachoweza kwenda kukiona. Nendeni, tazameni, ulizeni, ndipo mrudi kuandika. Wasomaji wenu ni wale wadogo wa darasa la pili. Chochote mtakachowapa, watakiamini."

Kwenye dawati la mbele alikaa msichana ambaye kila mtu alimwita Chiriku. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini sifa yake kubwa haikuwa maneno. Hakuna aliyemshinda kuchora darasani. Aliinua mkono kabla Mwalimu hajamaliza kusema.

"Mimi nitaandika kuhusu sungura, Mwalimu!"

"Sungura wako wapi?"

"Kwa bibi yake Kapengo, jirani yetu."

Kapengo alikuwa mtoto wa darasa la pili. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mapya yalikuwa bado hayajaota. Aliishi na bibi yake. Mama yake alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, na tangu aondoke simu zake zilikuwa chache. Siku ya kuondoka alimwachia binti yake sungura mmoja mweupe, mdogo wa kuenea kiganjani. "Mtunze mpaka nirudi," alimwambia. Sungura akakua, lakini mama alikuwa hajarudi.

Jioni ile ile Chiriku alikwenda na karatasi zake.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu. Pita, ila angalia hiyo ndoo usije ukaitumbukia."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mama yako hajambo? Mwambie sketi aliyonishonea inanibana. Sijui yeye alikosea kunipima au mimi ndiye ninayenenepa."

Chiriku alicheka, akaeleza alilotumwa. Bibi aliposikia neno kitabu, aliacha kuchambua mboga.

"Kitabu hasa? Kitakachokaa shuleni?"

"Ndiyo, Bibi. Wadogo watakisoma."

"Mungu akubariki," Bibi alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika masomo ya jioni, baada ya miaka mingi ya kuomba watu wamsomee. Hadi leo alisoma kwa kufuata mstari kwa kidole, na kitabu chochote alikipokea kwa mikono miwili.

Kapengo alimwongoza Chiriku nyuma ya nyumba, kwenye mabanda ya mbao na waya. Alikuwa na mengi ya kusema.

"Huyu mweupe ndiye wangu. Ana mimba. Usimguse tumbo, dada. Ukimshtua anapiga mguu chini, hivi." Akapiga mguu chini. "Na akitaka kuzaa anajing'oa manyoya ya kifuani, anatandika kitanda."

Bibi naye alimwonyesha chakula chao, nyasi kavu na majani ya viazi vitamu yaliyoachwa yanyauke kidogo. "Ni haya tu," alisema. "Tumbo la sungura si la kuchezewa." Chiriku alichora kila alichokiona. Aliporudi nyumbani karatasi zake zilikuwa zimejaa, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Siku chache baadaye wanafunzi waliviweka vitabu vyao mezani na kuvilinganisha. Nyuma ya Chiriku alikaa mvulana waliyemwita Domo. Kitabu chake kilihusu fundi baiskeli. Aliinama juu ya bega la Chiriku, akafunua kurasa moja moja.

"Mbona kimepauka hivi? Sungura mweupe, mbao zimechakaa, nyasi zimekauka, majani yamenyauka. Dada yangu, hawa wadogo watasinzia kabla ya ukurasa wa pili!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Na chako je?" Chiriku aliuliza, uso ukiwa umemshuka.

"Changu kinang'aa! Baiskeli nyekundu, pampu ya buluu. Watakigombania kama maandazi."

Chiriku alikifunga kitabu chake, akakitia mkobani. Nyumbani alikitandaza kitabu chake sakafuni, akakiona kwa macho ya Domo. Ni kweli, hakikuwa na rangi. Ukurasa wa chakula ulikuwa mbaya kuliko zote. Chini yake aliandika, "Sungura hula majani," na juu yake palikuwa na majani yaliyolegea, yasiyo na uzuri wowote.

Katika pakiti yake ya rangi mlikuwa na penseli ya waridi ambayo bado haijatumika. Akakumbuka vichaka vilivyopandwa kwenye uzio wa zahanati, vyenye majani marefu membamba na vishada vya maua ya rangi hiyo hiyo. Akafuta majani ya viazi, na mahali pake akachora tawi la kile kichaka, jani kwa jani, ua kwa ua, mbele ya mdomo wa sungura. Lilitokea vizuri mno. Mtu yeyote aliyewahi kupita pale zahanati angelitambua.

Moyo ulimsuta kidogo. Alijijibu kwamba neno hata moja hakuligusa. Sungura hula majani, si ndivyo? Picha ilikuwa pambo tu.

Siku ya kukabidhi vitabu, Mwalimu alimwita kila mwanafunzi mezani. Rundo lilikuwa refu, naye alikuwa amechoka, macho mekundu kwa mafua. Alipita juu ya maneno ya Chiriku kwa kalamu nyekundu, akarekebisha nukta hapa, herufi kubwa pale. Alipofika mwisho akauliza, kama alivyowauliza wote:

"Yote haya umeyaona kwa macho yako?"

Chiriku aliitazama kalamu nyekundu.

"Nimeyaona, Mwalimu."

"Vizuri sana, binti." Akaweka alama ya vema.

Domo alikuwa amekosea kuhusu kitabu kitakachogombaniwa. Katika darasa la pili, kitabu cha sungura kilipita mikononi mwa watoto mpaka pembe zake zikaanza kukunjika. Aliyekipenda kuliko wote ni Kapengo.

"Huyu ni sungura wangu!" alipiga kelele. "Sungura wangu yumo kitabuni!"

Kapengo alikuwa hajajua kusoma. Alizijua herufi za jina lake na nyingine chache. Kwa hiyo alikisoma kitabu kwa njia aliyoiweza. Aliweka kidole kwenye picha, akakitembeza taratibu kutoka masikio ya sungura hadi mkia, kutoka banda hadi tawi, asiruke kitu. Alimwomba mwalimu wa darasa lake akipeleke nyumbani siku moja tu, naye akamruhusu.

Kesho yake Kapengo hakuonekana shuleni. Chiriku hakujali, watoto wadogo huugua mafua, na hali ya hewa ilikuwa bado ya baridi na unyevu. Alasiri mama yake alimkabidhi furushi dogo.

"Mpelekee Bibi sketi yake. Nimeipanua. Mwambie cherehani yangu haikukosea, ila simlaumu mtu."

Chiriku alikwenda akicheka peke yake njiani. Alipobisha hodi hakuna aliyemkaribisha. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Mbele yake, juu ya matope, palikuwa na gunia lililofunika kitu kidogo. Kapengo alijibanza ukutani, magoti kifuani. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na ndani yake, juu ya nyasi kavu, yalikuwa yametawanyika matawi yenye maua ya waridi, baadhi yametafunwa.

"Umemkuta yule sungura mweupe amekwisha," Bibi alisema bila kuitikia salamu. "Alizaa juzi. Jana jioni alikuwa mzima. Usiku akaanza kutetemeka, udenda unamtoka, miguu haina nguvu. Alfajiri nimemkuta amepoa. Vitoto vyake havijafumbua hata macho."

Furushi lilikuwa limekuwa zito mikononi mwa Chiriku.

"Mjukuu wangu alikwenda kuchuma yale matawi bila kuniambia," Bibi aliendelea. "Kumlisha mnyama kitu asichokijua! Hata hivyo, hilo ningelisamehe, ni mtoto. Kinachoniuma ni uongo. Anasema eti kitabu ndicho kilichomwambia."

"Kilisema, Bibi," Kapengo alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Nilitaka kumpa zawadi kwa sababu amezaa."

"Nyamaza! Nimekisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. 'Sungura hula majani.' Basi! Hakuna palipoandikwa mlishe maua. Anasema picha. Picha ni pambo, kitabu ni maneno." Bibi alimgeukia Chiriku. "Bahati nzuri mwenyewe umekuja. Mwambie huyu. Uliandika popote kwamba sungura apewe matawi haya?"

Kapengo aliinua uso. Alimtazama Chiriku kwa matumaini, kama mtu aliyeona mlango ukifunguliwa.

Chiriku alijua jibu ambalo lingemfungulia. Alijua pia kwamba Bibi hakuuliza kuhusu picha. Alikuwa ameuliza kuhusu kuandika.

"Sikuandika, Bibi," alisema.

"Umesikia?" Bibi alimwambia mjukuu wake. "Mama yako akipiga simu, utamweleza wewe mwenyewe ulivyomtunza sungura wake. Na mabandani usitie mguu tena."

Kapengo hakulia. Aliinamisha uso juu ya magoti na kusema neno moja, kwa sauti ndogo sana.

"Haya."

Chiriku aliliweka furushi juu ya ndoo, akaondoka bila kuaga.

Mama yake alikuwa akimalizia kushona kabla nuru haijaisha. Kwa kawaida Chiriku aliingia na habari za mtaa mzima. Jioni hiyo alikaa chini ya meza ya cherehani, mahali alipokuwa akikaa alipokuwa mdogo.

"Leo redio yangu imezimwa," mama alisema huku mguu wake ukiendelea kukanyaga. "Betri zimekwisha, au kuna mtu amekukanya?"

Akaendelea kidogo, kisha akasimamisha gurudumu kwa mkono. "Chiriku. Una nini, mwanangu?"

Ndipo yote yakamtoka. Penseli ya waridi, alama ya vema, gunia kwenye matope, na lile jibu alilompa Bibi. Alisubiri apigwe au afokewe. Mama hakufanya lolote kati ya hayo.

"Ule mti wa zahanati una sumu," mama alisema hatimaye. "Mbuzi wanaupita bila kuugusa. Hata utomvu wake si wa kushikwa." Ghafla akainuka. "Mtoto ameyavunja matawi yale kwa mikono yake. Je, alinawa?"

Chiriku alikuwa hajafikiria hilo.

"Vaa viatu," mama alisema, akijitupia kanga mabegani. Mlangoni alisimama, akafumba macho na kumshika binti yake mkono. "Ee Mungu, mlinde yule mtoto. Na huyu mpe ujasiri wa kusema." Kisha akamwambia, "Nimekuombea. Lakini sitakusemea. Bibi atakusikia wewe."

Walimkuta Kapengo akiwa mzima. Mama alimtazama macho na mikono, akamwuliza kama tumbo linamuuma au alitia jani mdomoni. Hakuwa ametia. Akamnawisha kwa sabuni mpaka viwikoni. Bibi aliwatazama bila kuelewa.

"Kuna nini? Mbona mnanitisha?"

Chiriku alisimama mbele yake. Maneno, ambayo siku zote yalimjia yenyewe, sasa aliyavuta moja moja.

"Bibi, Kapengo hakusema uongo. Mimi ndiye. Nilichora yale maua kitabuni. Wewe ulinionyesha majani ya viazi, mimi nikayafuta kwa sababu hayakuwa na rangi. Halafu leo uliponiuliza... sikuandika ni kweli, lakini nilichora. Nilijua ulichotaka kujua."

Bibi aliomba aletewe kitabu. Kapengo akakitoa chini ya mto wake, kwa kuwa hakuwa amekirudisha. Bibi alikisogeza karibu na taa, akaupita mstari wa maneno, na kwa mara ya kwanza akaweka kidole chake juu ya picha. Alikitembeza kama mjukuu wake alivyofanya, kutoka masikio hadi mdomo, kutoka mdomo hadi tawi.

"Ndio wenyewe," alisema. "Mti ni ule ule."

Alifunga kitabu. Hakumtazama Chiriku. Alimvuta Kapengo katikati ya magoti yake.

"Mjukuu wangu, nimekuita mwongo kutwa nzima, na wewe unasema kweli. Nisamehe."

"Haya, Bibi," Kapengo alisema. Kisha akaanza kulia upya, na kilio hiki kilikuwa kikubwa kuliko cha mchana, nao wote wakamwacha alie.

Vitoto vya sungura Bibi alikuwa ameviweka kwa sungura mwingine aliyezaa karibu na siku hizo. Huyo aliwakubali baadhi na kuwasukuma wengine. Waliosukumwa hawakuona asubuhi.

Habari ilikuwa imetangulia shuleni, lakini ilikuwa ile ya jana, ya kumlaumu Kapengo. Uwanjani Chiriku alimkuta Domo na wenzake wakimzunguka Kapengo.

"Mpishi wa sungura huyo! Leo umewapikia nini?"

"Mwacheni!" Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyemwua."

"Wewe? Uliongea mpaka akafa?" Domo alidakia. Wachache walicheka, kisha wakauona uso wake na kuacha.

Kabla ya kengele Chiriku alikwenda kwa Mwalimu na kumweleza kila kitu. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama. Habari ilipofika kwenye swali lake mwenyewe la mezani, alivuta kiti akakaa.

Kipindi cha kwanza aliwaita darasa la pili, akatuma pia Bibi na mama wa Chiriku waitwe. Waliingia kwa mstari, wakawarudishia wakubwa vitabu vyao, wakaketi sakafuni mbele ya madawati, wakikwepa mahali palipolowa. Bibi alikuja pia, amevaa sketi yake, na mama wa Chiriku akasimama naye mlangoni. Chiriku aliinua kitabu ili wote wauone ule ukurasa. Alieleza alichokiona, alichokichora, na kwa nini. Alieleza kwamba Kapengo alitukanwa kwa kosa lisilo lake.

"Nitauchana huu ukurasa, Mwalimu," alimaliza.

"Hatuchani," Mwalimu alisema. "Tutabandika mwingine juu yake, na Kapengo ndiye atakayekaa nawe akwambie kama umechora sawa. Sasa nisikilizeni, wakubwa na wadogo. Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu. Nilitafuta nukta, nikatafuta herufi kubwa. Ile picha niliipita. Kwa hiyo kosa hili si la Chiriku peke yake, nami naomba radhi kwa Bibi na kwa Kapengo."

Darasa lilikuwa halijawahi kumsikia mwalimu akiomba radhi.

"Fungueni vitabu vyenu wote," aliendelea. "Tazameni kila picha. Kuna mtu aliyetia chumvi mahali?"

Karatasi zikachakarika. Mkono mmoja ukapanda, kisha mwingine, na mwingine. Domo alijikuna kichwa.

"Mwalimu, ile baiskeli ya fundi... ni ya kijivu. Ina kutu. Mimi nikaipaka nyekundu."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo watu walicheka, na Domo mwenyewe akacheka kwa aibu. "Pia mimi ndiye niliyemwambia Chiriku kitabu chake kimepauka," akaongeza, na kicheko kikaisha.

"Baiskeli nyekundu haitamdhuru mtu," Mwalimu alisema. "Ila utaandika chini yake kwamba rangi umeichagua wewe. Msomaji ana haki ya kujua. Mtu anapofungua kitabu cha kweli, anaweka mkono wake mkononi mwako na kukuacha umwongoze. Hakuulizi mara mbili. Sisi wote tunaojua kusoma tulisoma maneno tu. Bibi alisoma maneno, mimi nilisoma maneno. Aliyekisoma kitabu chote ni huyu ambaye bado anajifunza herufi, naye akafanya kama kilivyomwambia. Uzuri si dhambi, wanangu. Pambeni kurasa zenu mtakavyo. Lakini mnapoona ukweli umepauka, rudini mkautazame tena, msiende kuuazimia rangi mahali pengine. Na ukiulizwa, jibu kile ambacho mtu anataka kujua, usijifiche nyuma ya swali."

Kapengo alikuwa ameketi mbele kabisa. Aliinua mkono, kama alivyofundishwa.

"Mwalimu, mama akipiga simu nitamwambiaje?"

Mvua ilisikika juu ya bati. Bibi alisogea kutoka mlangoni, akapita katikati ya watoto na kumshika mjukuu wake bega.

"Tutamwambia kama ilivyokuwa," alisema. "Nami nitaanza na sehemu yangu." Akamgeukia Chiriku. Uso wake ulikuwa na huzuni, lakini haukuwa na hasira tena. "Binti, nimekusamehe. Aliyekufa harudi, hata tukalia mwaka. Waliobaki ni wadogo na wana njaa. Sema unakusudia kufanya nini, na sisi sote tukusikie."

Chiriku alitoka mbele ya ubao, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ili uso wake ulingane na wa Kapengo. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Kapengo, mama yako akipiga simu nitakuwa karibu nawe, nami nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba ulimtunza vizuri, na aliyekosa ni mimi. Kila siku baada ya masomo nitakuja kukata majani ya wale waliobaki, na sitaweka hata moja bandani kabla hujalitazama. Tena naahidi mbele ya Bibi, mbele ya mama yangu na Mwalimu, na mbele yenu nyote: nikiambiwa niandike au nichore jambo la kweli, nitaweka nilichokiona, na nisipokijua nitasema sikijui. Mungu anisaidie."